Tarehe ya Ukoo wa Krupp, Ikisomwa Bogoro

Bogoro iko kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Kasenyi na Ziwa Albert, katika teritwari ya Irumu, Ituri, mashariki mwa Kongo. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji wa makundi ya wanamgambo ya FRPI na FNI waliingia kijijini kwa pamoja. Kambi ya askari wa kundi pinzani la UPC ilikuwa palepale katikati, kwenye majengo ya shule, na raia waliokimbilia humo waliuawa madarasani. Umoja wa Mataifa ulitaja waliokufa kuwa si chini ya 200. Miaka 11 baadaye, tarehe 7 Machi 2014, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia Germain Katanga, kamanda wa FRPI, hatiani, na kiini cha hukumu kilikuwa silaha: zililetwa kwa ndege kutoka Beni, zikashushwa kwenye uwanja wa Aveba, zikahifadhiwa, kisha zikagawiwa kwa watu ambao nia yao ilijulikana. Adhabu ilikuwa kifungo cha miaka 12.

Sisi wa Ituri tunaijua vizuri sehemu ya mwisho ya safari ya bunduki. Sehemu ya kwanza haikuulizwa The Hague. Aliyeifua ni nani? Alirithi tanuri kwa nani, alimuuzia nani, na siku alipoitwa mbele ya majaji alijibu nini? Upo ukoo mmoja ambao maswali hayo yote yana majibu yaliyoandikwa, nao ni ukoo wa Krupp wa mji wa Essen, Ujerumani. Mkuu wa mwisho wa ukoo huo naye alipewa miaka 12. Sidai kwamba bunduki zilizoua Bogoro zilifuliwa Essen. Naisoma tarehe yao kwa sababu inaonyesha, kizazi kwa kizazi, mahali ambapo hesabu ya damu hukatwa kabla haijamfikia mwenye kiwanda.

Walianza na biashara ya kawaida. Arndt Krupp aliandikishwa katika chama cha wafanyabiashara wa Essen mwaka 1587. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1599 na watu wakawa wanakufa na kukimbia, yeye alinunua ardhi zao kwa bei ya kutupa. Mwanawe Anton alioa binti wa fundi bunduki, na Vita vya Miaka Thelathini vilipowaka mwaka 1618 akajipatia soko la mitutu. Baada yake silaha zilitoka katika mikono ya ukoo kwa muda mrefu. Wajukuu wakawa wenye maduka na makarani wa mji.

Mwaka 1811 Friedrich Krupp alifungua kiwanda cha kusubu chuma cha pua. Napoleon alikuwa ameifungia Uingereza milango ya Ulaya, na chuma kizuri cha Waingereza kilikuwa hakipatikani, kwa hiyo mtu ambaye angegundua siri yao angetajirika. Friedrich aliitafuta siri hiyo hadi akafilisika. Alifariki mwaka 1826 akiwa na umri wa miaka 39, akamwachia mjane wake Therese madeni na kiwanda chenye wafanyakazi saba. Mtoto wao Alfred, mwenye miaka 14, aliacha shule akaingia kiwandani.

Alfred ndiye aliyeufanya ukoo huu kuwa ukoo. Alikuwa mtu asiyelala, mwenye kuandika barua na amri usiku kucha, na mwenye wivu mkubwa juu ya siri za kazi. Alipokwenda Uingereza mwaka 1838 kujifunza kwa wahunzi wa huko alisafiri kwa jina la bandia. Tatizo alilolitatua lilikuwa gumu kweli. Wakati huo chuma cha pua kiliyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo, na chungu kimoja hakikutoa zaidi ya makumi machache ya kilo. Ukitaka pande kubwa, lazima vyungu vingi viive kwa dakika moja, watu wavichukue wawili wawili kwa amri moja, na wamimine katika kalibu bila mmiminiko kukatika, maana ukikatika pande lote hupata ufa ndani. Alfred aliwafundisha watu wake kumimina kama kikosi cha askari kinachofanya gwaride. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 alipeleka pande moja la chuma lenye uzito wa karibu tani mbili, na kando yake mzinga wa chuma cha pua uliosuguliwa ukang'aa. Watu walishangaa, lakini majemadari hawakununua. Walizoea mizinga ya shaba nyeusi na hawakuona sababu ya kubadilika.

Chakula cha kiwanda kilitoka kwenye reli. Alfred alibuni bangili ya chuma isiyo na kiungo ya kuvisha gurudumu la treni, ambayo haikupasuka kwenye mwendo mkali, na bangili tatu zilizopishana zikawa alama ya kampuni hadi leo. Msomaji wa Afrika atapenda kujua kwamba miongoni mwa wateja wa kwanza wa maana wa mizinga yake alikuwa mtawala wa Misri, katika miaka ya 1850. Prussia yenyewe, nchi ya Alfred, ilitoa agizo lake la mizinga zaidi ya 300 mwaka 1859. Halafu ikaja vita ya 1870 kati ya Prussia na Ufaransa. Mizinga ya Krupp, iliyopakiwa kwa nyuma, ilipiga mbali zaidi na kwa haraka zaidi kuliko ile ya shaba ya Wafaransa, na tangu hapo wanunuzi walipanga foleni. Alfred aliuza kwa yeyote mwenye fedha. Mizinga ya Misri iliangukia mikononi mwa Wahabeshi huko Gura mwaka 1876, na mingine ikachukuliwa na jeshi la Mahdi nchini Sudan mwaka 1883. Silaha ikishatoka kiwandani haimtambui bwana wake wa kwanza. Sisi tuliona bunduki zikihama kutoka kundi hadi kundi hapa Ituri, kwa hiyo hilo halihitaji maelezo.

Wafanyakazi aliwajengea nyumba, maduka ya bei nafuu, mifuko ya ugonjwa na uzeeni, akawadai utii kamili. Mfanyakazi aliyejishughulisha na siasa za wasoshalisti alifukuzwa kazi na nyumba pia. Alipofariki tarehe 14 Julai 1887 alikuwa na watu wapatao 20,000, na alikuwa ameuzia silaha mataifa 46.

Wiki hizohizo za Julai 1887 msafiri Henry Morton Stanley alikuwa amekwisha kuondoka Yambuya na kuingia katika msitu wetu, akimtafuta Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa akitawala jimbo la Ikwatoria kwa niaba ya Misri. Mwezi Desemba alisimama kwenye ukingo wa uwanda wa juu akaliona Ziwa Albert chini yake, upande huuhuu wa kusini magharibi ambako Bogoro ipo. Mwaka uliofuata walikutana na Emin karibu na kwa chifu Kavalli, katika nchi ya Wahema. Miongoni mwa mizigo ya Stanley ilikuwamo bombomu ya Maxim, zawadi ya mbuni wake. Mwenyekiti wa kampuni ya Maxim alikuwa Albert Vickers, wa ukoo wa wahunzi wa Sheffield. Ndivyo viwanda vya Ulaya vilivyotufikia. Baada ya Stanley likaja jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Force Publique, ambalo ghala zake zilikuwa na mizinga ya Krupp ya sentimita 7.5.

Mtoto wa Alfred, Friedrich Alfred, aliukuza urithi kwa njia ya bahari. Aliuchukua uwanja wa kujengea meli wa Germaniawerft mjini Kiel, akatengeneza bamba la chuma la kukinga manowari ambalo majeshi ya majini ya dunia yaliligombea, akaisaidia kwa fedha ile jumuiya ya kuhubiri upanuzi wa jeshi la majini. Kadiri manowari zilivyoongezeka ndivyo oda zilivyoongezeka. Alifariki ghafla mwaka 1902, katikati ya kashfa ya magazetini. Mrithi alikuwa binti yake Bertha, mwenye miaka 16. Kaisari Wilhelm II hakutaka kiwanda kama kile kikae bila mwanamume wa kukisimamia; mwaka 1906 Bertha aliolewa na mwanadiplomasia Gustav von Bohlen und Halbach, na kwa amri ya Kaisari mume ndiye aliyechukua jina la mke. Jina la Krupp lilikuwa mali ya taifa.

Agosti 1914 mizinga miwili mikubwa ya sentimita 42, ambayo askari waliipa jina la Bertha, ilivunja ngome za Liège nchini Ubelgiji. Ubelgiji uliovunjwa pale ndio uliokuwa ukitutawala, na dhahabu ya migodi ya Kilo na Moto, iliyochimbwa na mikono ya watu wa Ituri, ikaingia katika hazina ya bwana aliyekuwa vitani. Upande wa pwani, manowari ya Kijerumani ya Königsberg ilizama katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake, nayo ya Krupp, ilitolewa majini, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam na kukokotwa na wapagazi bara nzima. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen, ile ambayo leo inaitwa Liemba, ukielekezwa upande wa Kongo. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili, na kufa njiani kwa njaa na homa, walikuwa wetu.

Jambo la vita ile ambalo sitalisahau ni la kiwashio cha kombora. Mwaka 1902 Vickers ya Uingereza ilipata kwa Krupp ruhusa ya kutengeneza kiwashio chake, kwa malipo kwa kila kimoja. Vita ikaja, na Waingereza wakawapiga Wajerumani kwa makombora yenye kiwashio kilichobuniwa Essen. Amani iliporudi Krupp ilidai fedha yake. Mwaka 1926 Vickers ikalipa pauni 40,000. Kwa hiyo kila kombora la aina hiyo lililomwangukia askari wa Kijerumani lilikuwa na fungu lake katika daftari la kiwanda cha Kijerumani. Huo ni mkataba wa kweli, nami naona hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba mwenye kiwanda cha silaha hana upande.

Kuhusu miaka iliyofuata niseme kwa ufupi. Mkataba wa Versailles uliikataza Krupp kuunda silaha nyingi, nayo ikaendeleza usanifu kwa siri, ukiwamo ule uliofanywa kupitia kampuni ya Bofors nchini Sweden. Gustav alimuunga mkono Hitler, na mwaka 1943 Hitler akatoa sheria maalumu iliyomfanya Alfried, mwana wa Bertha, kuwa mmiliki pekee wa kampuni yote.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Wakati wa vita ya pili kiwanda kiliendeshwa kwa watu waliotekwa: mateka wa vita, raia waliokamatwa Poland, Urusi na Ufaransa, na wafungwa wa kambi za mateso. Karibu na Breslau Krupp ilijenga kiwanda kilichoitwa Berthawerk, kwa jina la mama mwenye mali, na wafanyakazi wake wengi walitoka katika kambi ya Fünfteichen, tawi la Gross-Rosen. Essen kwenyewe, mtaa wa Humboldt, waliwekwa wanawake wa Kiyahudi 520. Huko Voerde kulikuwa na kambi ya watoto wachanga waliozaliwa na wanawake wa kazi ya kulazimishwa, na wengi wao walikufa.

Kesi ilifunguliwa Nuremberg mwezi Desemba 1947, mbele ya majaji wa Kimarekani. Washtakiwa walikuwa 12. Gustav hakuwamo, alikuwa mzee asiyejitambua. Shtaka la kuandaa vita ya uchokozi lilifutwa tarehe 5 Aprili 1948, kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Yaani juu ya silaha zenyewe, kazi iliyoupa ukoo jina, hakuna aliyepatikana na hatia. Yaliyobaki ni uporaji wa viwanda vya nchi zilizotekwa na utumwa wa wafanyakazi. Kwa hayo, tarehe 31 Julai 1948, Alfried alihukumiwa miaka 12 na kunyang'anywa mali yote. Tarehe 31 Januari 1951 John McCloy, kamishna mkuu wa Marekani nchini Ujerumani, alimsamehe na kumrudishia mali. Vita ya Korea ilikuwa imeanza, na Marekani ilihitaji Ujerumani yenye nguvu.

Mwaka 1959 kampuni ilikubali kuwalipa Wayahudi waliotumikishwa hadi marki 5,000 kila mmoja, bila kukiri wajibu wa kisheria. Wasio Wayahudi hawakuhusishwa. Alfried alifariki mwaka 1967. Mwanawe Arndt alikuwa amekwisha kuukana urithi, na mali ikawa ya wakfu unaobeba jina la Alfried. Mwaka 1999 Krupp iliungana na kampuni ya Thyssen, na wakfu huo hadi leo ndio mwenye hisa mkubwa wa kampuni hiyo ya pamoja, asilimia 21 hivi.

Kwa Bogoro, amri ya fidia ilitolewa tarehe 24 Machi 2017. Majaji walithamini madhara kuwa dola 3,752,620, wakamhesabia Katanga dola 1,000,000. Wahanga 297 walitambuliwa, na kila mmoja akapangiwa dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa makazi, masomo, kazi za kujipatia kipato na huduma kwa walioumia moyo. Katanga alionekana hana mali yoyote. Mfuko wa Wahanga wa mahakama ukaombwa kulipa badala yake, na serikali ya Uholanzi ikachangia euro 200,000. Amri hiyo haikumtaja mtengenezaji yeyote wa silaha.