Bayogesi na Gesi ya Samadi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika lugha yetu kwa vinywa vya mafundi na wafugaji, kabla wanazuoni hawajakaa kuzijadili, ni neno bayogesi, ambalo maana yake ni ile gesi iwakayo ipatikanayo pale kinyesi cha mnyama, au kitu kingine kilichokuwa na uhai, kinapovunda mahali pasipopenya hewa. Wako waliepukao neno hilo wakasema gesi ya samadi; nalo samadi, ingawa asili yake ni Kiarabu, limekwisha kuwa letu, na mkulima hauhisi tena ugeni wake.

Ili tuyapime majina hayo mawili kwa haki, yafaa kwanza tuitazame kazi yenyewe. Mfugaji wa Arusha, ambako CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoundwa mwaka 1981, kimeeneza mitambo ya kuzalisha gesi hii, hukusanya kinyesi cha ng'ombe wake, akakitia katika karo la saruji na kukikoroga kwa maji ya kiasi sawa, huku akichambua kwa mkono mabua na majani yasije yakaziba bomba. Rojo hilo huteremkia katika kuba lililojengwa chini ya ardhi, na humo vijidudu visivyohitaji hewa huliozesha kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, vikatoa methani, ambayo aghalabu ni sehemu 50 hadi 70 katika kila 100 za gesi yote. Iliyosalia takriban yote ni kabonidioksidi isiyowaka, pamoja na kiasi kidogo cha gesi ya salfa inukayo kama yai viza. Gesi izidipo kubani, hulisukuma tope litoke kwenda shimo la pili. Na mama afunguapo koki jikoni, tope hurejea, likaisukuma gesi mpaka kwenye jiko, ukawaka mwali wa buluu usioacha masizi katika sufuria.

Wala samadi yenyewe haikupotea, maana tope lile lingali na rutuba, na hupelekwa migombani likakuze mazao. Kwa hiyo nishati hii ni jadidifu kwa yakini: maadamu ng'ombe anakula, mtambo haukosi chakula.

Hata hivyo, jina gesi ya samadi lina mpaka wake. Huko Hale, mkoani Tanga, gesi ya jinsi hii imezalishwa kwa mabaki ya mkonge na kuendesha jenereta ya umeme, wala hapakuhitajiwa zizi. Kuiita hiyo gesi ya samadi ni kumpotosha msomaji.

Rai yangu, basi, ni kwamba bayogesi lishike maana ya jumla, na gesi ya samadi liwe jina mahususi la ile itokayo zizini. Nami nawasihi waandishi wa vitabu vya shule na vya mafunzo ya mafundi wayatumie yote mawili, kila moja mahali pake.