Nani amlipe mlinzi wa mtaa? (kahistoria kidogo)

Nimepotea kidogo, si mnajua kipindi cha test kinavyokuwa. Leo naleta historia, na wale wa kozi nyingine msikimbie, haina mitego.

Juzi tulikuwa tunabishana geto kuhusu hela ya ulinzi. Sisi tunaokaa nje ya kampasi tunaijua vizuri, kila mwezi kijana anapita mlango kwa mlango na kitabu cha risiti. Mwenzangu wa Uchumi akasema hiyo ni kodi ya pili, serikali ndiyo inatakiwa itoe ruzuku walinzi walipwe. Mwingine akamrukia: serikali ilishamwaga mabilioni kwa vijana, yameishia wapi? Mimi nikawaachia chai yao nikaenda kusoma, maana hayo mambo mawili, usalama wa mtaa na hela ya vijana, yana historia ya zaidi ya miaka 40, na ajabu yake ni kwamba yamekaa kwenye mafaili mawili yasiyokutana.

Tuanzie Usukumani na Unyamwezini. Mwaka 1981 kuelekea 1982, pande za Kahama na Nzega, watu walichoka. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na baada ya vita vya Kagera (1978-79) bunduki zilikuwa zimezagaa. Polisi wachache, tena wako mbali, na wanakijiji hawakuwaamini sana. Ndipo wakaunda sungusungu, jina la wale siafu weusi mnaowajua, ukimgusa mmoja wamekuja wote. Walikuwa na upinde, mishale, filimbi na viongozi wao wenyewe. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kinafunga njia. Ukikataa kutoka, unatozwa faini, na ukiendelea na ubishi unatengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuzikia. Kwa Msukuma hiyo ni kubwa kuliko jela!

Bajeti ya serikali kwenye hilo ilikuwa sifuri. Nguvu za watu, chakula cha watu, faini za watu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono hadharani, wakati baadhi ya watu wa sheria walikuwa wanahofia jeshi lisilo na kanuni. Na hofu yao haikuwa ya bure. Kuna watu walipigwa, na kuna vikongwe waliotuhumiwa uchawi wakauawa. Mimi wale wanaosifia sungusungu kama vile ilikuwa pepo huwa nawaomba wasome na huo ukurasa.

Sasa angalieni mwaka uliofuata serikali ilivyomtazama kijana wa mjini. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi. Dar watu wasio na kitambulisho cha kazi wakakamatwa barabarani, wakapakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani. Yaani kijana wa Kahama mwenye upinde ni mlinzi wa taifa, kijana wa Kariakoo asiye na ajira ni mzururaji. Wengi waliopelekwa walirudi mjini muda si mrefu, kwa sababu huko mashambani hapakuwa na chochote kilichoandaliwa kwa ajili yao. Mjini angalau pana kibarua.

Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa, sungusungu wakatambuliwa rasmi na kupewa mamlaka ya kukamata. Mwaka 1990 ikaletwa Dar, na Augustino Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliishikia bango kwelikweli (yule wa siku saba, wazee wenu watawasimulia). Lakini mji si kijiji. Dar mpangaji anahama kila baada ya miezi 6, jirani hamjui jirani, na mtu aliyeshinda kazini hataki kukesha. Wenye uwezo wakaona bora watoe hela kuliko zamu, na vijana wasio na kazi ndio wakakesha kwa niaba yao. Kile kitabu cha risiti mnachokilalamikia kilizaliwa hapo. Sheria iliwapa mamlaka ya kukamata, hela ya kuwalipa ikabaki kwenye mifuko ya wapangaji.

Faili la pili, la hela. Mwaka 1993/94 ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Vijana, na halmashauri zikaagizwa zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 5 kwa vijana na 5 kwa wanawake. Hapa naomba tuelewane: ule ulikuwa MKOPO, siyo ruzuku. Unaunda kikundi, unaandika mradi, unakopa, unarudisha. Halafu lilikuwa agizo, na halmashauri nyingi hazikutenga au zilitenga kiduchu, na hakuna aliyeshitakiwa. Mwaka 2003 ikafutwa kodi ya maendeleo pamoja na ushuru kibao uliokuwa kero. Wananchi tulishangilia (wengine tulikuwa wadogo, walishangilia wazazi). Serikali Kuu ikaleta ruzuku ya kufidia pengo, ila ile asilimia 10 inahesabiwa kwenye mapato ya ndani, na hayo ndiyo yaliyokatwa. Kinondoni yenye maduka na hoteli itapata kitu. Halmashauri inayotegemea ushuru wa pamba mwaka wa ukame itagawa nini?

Halafu 2006 yakaja Mabilioni ya JK, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, bilioni 21 kwa mikoa 21 ya Bara ya wakati ule, kupitia benki. Kelele zilikuwa nyingi, foleni ndefu, na mpaka leo ukiwauliza watu wa mtaani wanakuambia waliopata ni wenye biashara tayari. Haishangazi, benki ni benki, inamtaka mwenye kitu. Mwaka huohuo 2006 Said Mwema akawa IGP, na chini yake ndiyo tukalizoea neno polisi jamii, pamoja na vikundi vya ulinzi shirikishi. Tazama mwaka huo mmoja: bilioni 21 zinatafuta vijana wa kukopa, na mtaa uleule unawachangisha wapangaji kuwalipa vijana wa kulinda.

Mwaka 2018 angalau ile asilimia 10 ikaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Hatua kubwa, siibezi. Lakini Septemba 2022 Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar na mwanafunzi wa chuo akauawa usiku kule Kawe, agizo kwa mitaa lilikuwa lilelile la 1990: imarisheni ulinzi shirikishi. Kwa hela gani? Mnajua. Na Aprili 2023, baada ya ripoti ya CAG kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza bungeni kuisimamisha mikopo yenyewe. Ilirudi 2024, halmashauri 10 zikijaribu kuitoa kupitia benki.

Kwa hiyo nikamjibu yule wa Uchumi hivi. Kikundi cha vijana 10 wanaolinda mtaa kikienda halmashauri kuomba ile asilimia 4, kitaulizwa mradi wenu ni upi, utarudisha vipi. Kulinda hakuzalishi faida ya kurejesha mkopo. Itabidi waandike kuku wa mayai au bodaboda, wachukue hela, na kuanzia hapo usiku wanalala kwa sababu mchana wana deni la kulipa. Ruzuku ya ulinzi ingehitaji kifungu chake kwenye bajeti ya halmashauri, chenye jina la ulinzi, mtu akalipwa kwa kukesha. Yeye akasema kifungu hicho nacho kitaliwa. Nikamwambia inawezekana, ila kile kitabu cha risiti nacho umewahi kuona hesabu zake zikisomwa kwenye mkutano wa mtaa?

Hapo akanyamaza, akaomba chumvi. Mabishano yanaendelea leo usiku, mwenye sukari aje nayo. Post ijayo nitaandika kuhusu mabaraza ya kata, sasa hivi nakimbilia semina.