TR na TE: muda wa marudio na muda wa mwangwi

Mkazi wa Tala anayeumwa mgongo, akitumwa Nairobi kupigwa MRI, hurudi kwa barabara ya Kangundo akiwa na bahasha kubwa ya picha. Pembeni mwa kila picha pana maandishi madogo ambayo ni nadra mtu kuyasoma nyumbani. Moja huwa na TR 500, TE 15. Nyingine, ya mgongo uleule, TR 3500, TE 100. Katika ya kwanza, maji yanayozunguka uti wa mgongo ni meusi. Katika ya pili ni meupe pe!

TR ni muda wa marudio: kipindi, kwa milisekunde, kati ya pigo moja la kuanzisha la mawimbi ya redio na jingine la aina hiyo. Pigo hilo huyumbisha viini vya haidrojeni vilivyomo mwilini, navyo huhitaji muda kutulia. Vya mafuta hutulia kwa robo sekunde hivi. Vya maji ya uti wa mgongo huchukua sekunde kadhaa. Pigo likirudi baada ya nusu sekunde, mafuta hutoa ishara kali na maji hubaki gizani.

TE ni muda wa mwangwi, kutoka pigo la kuanzisha hadi mwangwi wenyewe, na neno limekaa barabara. Mwaka 1950 Mmarekani Erwin Hahn alitangaza kwamba viini vilivyoanza kuachana baada ya pigo la kwanza hukutana tena vikipigwa mara ya pili, vikatoa ishara upya. Matatu zikiondoka pamoja kwenye steji ya Tala, kila moja kwa mwendo wake, kisha zote zigeuze kwa dakika ileile bila kubadilisha mwendo, zitaingia steji pamoja. Pigo hilo la pili, la kugeuza, huja katikati ya TE. Maji hudumisha mwangwi kwa muda mrefu, hivyo diski ya pingili iliyokauka huonekana nyeusi kwenye TE ndefu, kando ya jirani zake zenye maji.

Tatizo ni kwamba baadhi ya tafsiri huiita MRI yenyewe picha ya mwangwi wa sumaku, ilhali kinachotajwa katika jina MRI ni viini kuitikia mawimbi ya masafa yao. Mwitiko wa sumaku ungefaa zaidi, mwangwi ukaachiwa TE.

TR ndefu ina gharama yake. Picha ya mistari 256, TR ikiwa 3000, kwa njia ya zamani ya mstari mmoja kwa kila TR huchukua karibu dakika 13, na si rahisi mwenye maumivu ya mgongo kutulia hivyo. Siku hizi mashine huvuna miangwi kadhaa ndani ya TR moja. Ikivuna 16, kazi hiyo huisha kwa sekunde 48.