Tumbe: Soko ambalo bei ya kitoweo hufuata mwezi

Kwa mkaazi wa Shumba, kaskazini mwa Kisiwa cha Pemba, soko kubwa la samaki lililo jirani ni la Tumbe, katika Wilaya ya Micheweni. Biashara huko si ya jana: wanaakiolojia wamefukua Tumbe makaazi ya karne ya 7 hadi ya 10, yenye vyombo vya udongo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi.

Samaki huuzwa kwa mnada. Vyombo vikishawasili pwani, samaki hupangwa kwa mafungu na mitungo, dalali akanadi na wanunuzi wakapandishiana bei. Aghalabu washindi ni wachuuzi wanaowapeleka Konde, Wete na Chake Chake. Mwenye kutafuta kitoweo cha siku moja hawawezi. Hungoja mnada umalizike, akanunua kwa mchuuzi kwa bei iliyokwisha kupanda. Nafuu yake ni kuchangishana na wenziwe, wakanunua fungu moja na kugawana.

Dagaa wana hesabu yao. Huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi mpevu unapoangaza taa haziwavuti, hivyo huadimika. Anayekusudia kununua dagaa wa kuanika hana budi kuutazama mwezi kabla ya kutazama mfuko wake. Pweza, kinyume chake, hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi miamba ikabaki wazi.

Samaki mwenye macho yaliyozama na matamvua yaliyofifia asinunuliwe, hata dalali akimsifu vipi.