Kutoka Götzen hadi Liemba

Chombo cha kivita, kiwe nyambizi ya nyuklia au meli ya mvuke, hupewa jina na mwenye nguvu. Mwaka 1915, huko Kigoma, Wajerumani walishusha ziwani meli Graf von Götzen, wakaifunga mizinga. Götzen alikuwa gavana wa koloni lililoimeza pia Burundi yetu. Chini yake Maji Maji ilizimwa kwa moto na njaa. Julai 1916, wakikimbia, waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Gavana alibaki chini: mwaka 1927 iliitwa Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini waliliita Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 Liemba iliwavusha wakimbizi Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.