Nani Anasema Mbele ya Tablo?

Leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea, ingawa mnajua ndiyo kazi niliyosomea. Ninaandika juu ya tablo. Lakini mtaona, mashamba yatarudi yenyewe tu katikati ya habari.

Mwezi uliopita, mu komini ya Kasuku hapa Kindu, wasanii wanne walikodi chumba kidogo na kutundika kazi zao ukutani. Kuingia ilikuwa bure. Tulikuwa kama watu thelathini, wengi wanafunzi. Kila msanii alipewa dakika kumi za kusimama karibu na kazi yake na kuieleza. Watatu wa kwanza walikuwa vijana, na walisema kwa Kifaransa, maneno makubwa makubwa kama yale tunayoweka mu utangulizi wa memwari zetu. Tukapiga makofi.

Wa nne alikuwa mzee. Alijifunza kuchora kwa kuandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya watu ku milango ya vinyozi. Tablo yake ilionyesha mtu amelazwa chini, polisi ameinua fimbo, Mzungu wa serikali amesimama pembeni, na karibu na miguu ya Mzungu kuna kikapu kimejaa kitu cheupe. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa Kifaransa: ujumbe wa tablo ni nini? Mzee akaanza, akakwama, akacheka kidogo, akanyamaza. Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akasema: "Baba, useme tu mu Kiswahili yetu, ginsi unasemaka ku nyumba."

Basi akasema. Dakika kumi zikawa karibu nusu saa.

Mimi nilidhani kile cheupe ni unga. Kumbe ni pamba. Mzee alieleza kwamba yule aliyelazwa ni baba yake. Alipigwa kwa sababu alimaliza kwanza kupanda mpunga wa watoto wake, na shamba la pamba la lazima likachelewa. "Baliniita mulevi na muvivu," ndivyo baba yake alivyomwambia, "na mie nilikuwa ninatoka ku shamba."

Nilisikia aibu. Mie agronome, nilisoma pamba: udongo, mvua, wadudu, kilo kwa hekta. Najua pia kwamba pamba ya Kongo ilijaribiwa mapema hapa hapa Maniema, upande wa Nyangwe, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Najua kwamba sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali ya kikoloni kulazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua, mpaka siku 60 kwa mwaka. Lakini kwamba siku hizo 60 zinaangukia mara nyingi ku majuma yale yale ambayo mpunga unadai mikono, hilo sikulifikiria kama historia. Nilifunzwa kama kalenda ya kilimo. Mzee aliligeuza kuwa mgongo wa mtu.

Nilitoka pale na swali moja, na ndilo linanifanya niandike: je, tablo bila sauti ya mwenyewe ni nini?

Swali hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilisemwa kwa Kiswahili. Mufuate reli yetu kutoka Kindu, mupite Kongolo, Kabalo na Kamina, mpaka Lubumbashi. Kule alizaliwa mwaka 1947 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wanachora tablo za kuuza ku nyumba za wafanyakazi wa mji, na mara nyingi kitambaa chao kilikuwa gunia la unga. Watu walinunua mambamuntu, yule mwanamke wa majini. Walinunua pia tablo za "Colonie Belge": mfungwa, fimbo, polisi, Mzungu. Mnaona basi kwamba mzee wetu wa Kasuku ana ukoo. Picha ile ilitundikwa mu salo za watu wengi, pale wageni wanapoketi, ili watoto waulize na wakubwa wajibu.

Lakini Tshibumba alitaka zaidi. Alijiita mwanahistoria. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyezaliwa Ujerumani na aliyekuwa anafundisha ku univasite ya Lubumbashi. Wakapatana: Tshibumba atachora historia yote ya nchi, kutoka kwa mababu, kupita misafara ya watumwa, Leopold II, uhuru, mpaka Zaire ya Mobutu na siku zitakazokuja. Kila mara alileta tablo mpya, akasimulia, Fabian akauliza, na mashine ikarekodi. Yote kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile ambacho walimu wengi wangesema si Kiswahili safi. Tablo 101 za kazi hiyo zilitokea mwaka 1996 mu kitabu cha Kiingereza, pamoja na maneno ya mchoraji, na maandishi ya Kiswahili yakahifadhiwa pia.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini maneno hayo yana uzito. Tunajua wote kwamba Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa kwa risasi karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba alichora misalaba mitatu. Mtu asiyejua angeandika chini yake: "picha ya dini". Lakini mchoraji alikuwa anafananisha kifo cha Lumumba na kile cha Yesu, mu wakati ambapo kusema juu ya Lumumba kulitaka akili na tahadhari. Misalaba ile haitufundishi ginsi watu wale walivyokufa. Inatufundisha ginsi watu wa mji ule ule walivyokibeba kifo kile moyoni. Kwa mwanahistoria hayo ni mambo mawili, na yote mawili yanahitajiwa.

Sasa mulinganishe na wachoraji waliomtangulia mu mji huo huo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua pale atelye iliyojulikana kama Le Hangar. Mule mulitoka wasanii wakubwa: Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi, Bela aliyechora kwa vidole. Desfossés hakutaka waige Ulaya, na hilo ni jambo la kumshukuru. Kazi zao zilionyeshwa pamoja, zilisafiri, zilisifiwa. Lakini aliyezieleza kwa walimwengu zaidi alikuwa Desfossés mwenyewe. Leo ninaweza kutambua ndege wa Pilipili kwa jicho moja, lakini ukiniuliza Pilipili mwenyewe alisema nini juu ya ndege yule, mdomo wangu unafungika.

Mtu anaweza kunijibu: kazi nzuri haihitaji maneno, inajisemea. Mie pia niliwahi kuamini hivyo. Lakini hapa Maniema tuna jibu letu la zamani, na haliko mbali: liko Pangi, kwa Balega.

Vinyago na sanamu ndogo za bwami, za mti na za pembe ya tembo, vimejaa mu miziyumu ya Ulaya na Marekani. Watu wanalipa pesa nyingi sana kwa ajili yake. Lakini mu bwami kitu hakikuonyeshwa kimya. Kilitolewa wakati wa kumwingiza mtu ku daraja, na mwenye kufundisha akakionyesha kwa kucheza, kwa wimbo na kwa mithali. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya uchunguzi kwa Balega mu miaka ya 1950, alionyesha kwamba sanamu moja iliweza kubeba mithali tofauti kufuatana na nafasi na mfundishaji. Maana yake ni kwamba ukiangalia sanamu peke yake, hata na darubini, huwezi kujua inafundisha nini. Nusu ya kazi iko mu kinywa.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku. Vitu vingi vikatoka, vikauzwa, vikachukuliwa. Ku kadi ya miziyumu utasoma "Lega", aina ya mti, urefu kwa sentimeta. Jina la mchongaji, mara nyingi hakuna. Mithali, mara nyingi hakuna. Vitu vilipanda meli, kinywa kikabaki Pangi, na wazee wenye kinywa hicho wanapungua kila mwaka.

Tusiwape wageni kosa lote. Mimi nina langu. Nilipofanya uchunguzi wa memwari yangu juu ya mpunga, nilikuwa na karatasi ya maswali: hekta ngapi, mbegu gani, magunia mangapi. Mzee mmoja wa kijiji alijibu yote kwa uvumilivu, kisha akaongeza kwamba ku nyumba yao hawakubali hata kusikia jina la pamba, na akaanza kueleza sababu. Nilimkatiza kwa heshima. Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya jibu hilo, na jua lilikuwa linazama. Niliporudia kijiji kile mwaka uliofuata, nilikuta matanga yake yamekwisha zamani. Nina magunia yake mu jedwali la tatu la memwari. Sababu yake sina.

Ndiyo maana siku ile ya Kasuku iliniuma mara mbili. Mzee wa tablo alisema karibu nusu saa. Chumba kilikuwa na telefone labda ishirini, zote zinapiga picha. Nilipouliza baadaye nani alirekodi sauti, tulitazamana tu. Tuna picha nyingi za tablo, tuna sura zetu tumesimama mbele yake tunacheka, na hakuna neno hata moja la mwenyewe.

Kwa Tshibumba, Fabian alirekodi. Lakini tablo zile ziko Amsterdam leo, kitabu ni cha Kiingereza, na Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyemwona tena. Mwaka 1973 mashine ya kurekodi ilikuwa mali ya profesere. Leo iko mfukoni mwa kila mwanafunzi wa Kindu, na kila mwezi tunatafuta megabayiti kwa mambo yasiyofika hata nusu ya thamani hii.

Wengine wa nchi yetu walishaanza. Lubumbashi, tangu mwaka 2008, Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao wameanzisha mikutano ya sanaa kwa jina la Kiswahili kabisa: Picha. Sisi hatuhitaji mkutano mkubwa. Ninaomba mambo matatu tu. Msanii akisimama mbele ya kazi yake, aulizwe kwanza kwa lugha anayoota nayo usiku. Mtu mmoja apewe kazi ya kurekodi sauti, na asipige picha. Na chini ya faili aandike jina, mahali na tarehe, sababu sauti isiyo na jina ni kama mbegu isiyo na jina: utapanda nini?

Juma lililopita nilienda kwa mzee, na telefone imejaa moto. Tablo ilikuwa imekwisha kuuzwa. Mteja aliondoka nayo bila kuuliza kitu, isipokuwa bei. Mzee akanipa kiti, akaangalia telefone yangu juu ya meza, akauliza kama inasikia kweli. Nikamwambia inasikia.

"Basi tuanzie ku mpunga," akasema, "sababu mambo yote ilianzia ku mpunga."