Gauni la kijani, Britney Spears na taarab ya shangazi

Kama umesikiliza kipindi chetu cha wiki hii, umetusikia tukibishana. Mwenzangu hakutaka tuongelee taarab. Sababu yake? Aliandika "nyimbo za taarab za harusi" kwenye kifaa kimoja cha kutafiti maneno, akachagua Uingereza, jibu likaja: data haitoshi. "Unaona? Hakuna anayetafuta," akasema. "Tutaongea na ukuta."

Nikabaki najiuliza: hivi ni lini watu wa habari za burudani walianza kuiuliza mashine kabla ya kuandika? Nikachimba kidogo, na hiki ndicho nilichopata.

Kwanza tuelewane. Maneno ya utafutaji ni yale unayoyaandika kwenye kisanduku cha Google: jina la msanii, jina la filamu, "fulani kaolewa na nani". Kutafiti maneno ni kuangalia watu wengi wanaandika nini, halafu kuyatumia maneno hayohayo kwenye makala yako, hasa kwenye kichwa cha habari, ili wakitafuta wakukute wewe.

Zamani mhariri alikuwa anakisia tu. Gazeti lenye picha ya mwimbaji fulani likiisha mapema, wiki inayofuata anamrudisha ukurasa wa mbele. Alijua gazeti limeuzwa, lakini hakujua msomaji alitaka nini hasa: wimbo, ndoa au nguo.

Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com, huko California, ilianza kuuza matangazo kwa mnada wa maneno. Anayelipa zaidi kwa neno fulani, tangazo lake linakaa juu. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa Overture, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo. Ili wateja wajue wanunue neno gani, iliwawekea kifaa kinachoonyesha neno limetafutwa mara ngapi mwezi uliopita. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye maduka kikawa pia dirisha la kuchungulia hamu za watu.

Na watu walikuwa wanatamani nini? Burudani, bana! Mwaka 1999 Lycos, mtambo mwingine wa kutafuta, ulianza kutoa kila wiki orodha ya mambo 50 yaliyotafutwa zaidi. Britney Spears alikaa humo wiki baada ya wiki. Google nayo iliwahi kuweka hadharani orodha ya namna watu walivyokosea kuandika jina lake. Makosa yalikuwa mamia! Lakini kwa sababu waliomtafuta walikuwa wengi mno, mashine iliweza kuelewa kwamba wote hao wanamtaka mtu mmoja. Kumbuka hili, nitalirudia.

Halafu likaja gauni. Februari 2000 Jennifer Lopez alitokea kwenye tuzo za Grammy, Los Angeles, amevaa gauni la kijani la Versace, shingo yake imekatwa mpaka chini ya kitovu. Watu wakakimbilia Google. Shida ni kwamba Google wakati ule ilileta kurasa za maandishi tu, na wao walitaka kuliona gauni lenyewe. Eric Schmidt, aliyekuja kuwa mkuu wa Google, aliandika miaka baadaye kwamba halikuwahi kutafutwa kitu kwa wingi kama ule mpaka siku hiyo, na kwamba ndiyo sababu utafutaji wa picha ukazaliwa. Ulianza Julai 2001. Hebu fikiria: watu waliuliza kwa wingi, kikatengenezwa kitu ambacho hakikuwepo.

Mwaka 2006 Google ikafungua Google Trends, bure kwa kila mtu. Sasa mwandishi yeyote angeweza kuona jina gani linapanda leo. Tarehe 25 Juni 2009 alipofariki Michael Jackson, watu waliouliza walikuwa wengi kiasi kwamba mitambo ya Google News ilidhani inashambuliwa. Kwa muda mfupi, baadhi ya waliotafuta habari zake waliletewa ujumbe wa kosa badala ya majibu. Mashine ilishindwa kutofautisha msiba na uvamizi.

Miaka hiyo ndipo mchezo ukageuka kiwanda. Kampuni ya Demand Media ilitumia programu kuchagua mada: watu wanatafuta nini, tangazo lake linalipa kiasi gani, na nani ameshaandika. Halafu vibarua wakaandika kwa bei ya kama dola 15 kwa makala. Februari 2011, siku moja kabla ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Huffington Post ilitoa makala ambayo kichwa chake kiliuliza tu mechi inaanza saa ngapi. Ndani, swali hilohilo lilirudiwa kwa namna mbalimbali, kama watu walivyoliandika Google. Usiku wa kuamkia tarehe 7, mara tu baada ya fainali, AOL ikatangaza kuinunua Huffington Post kwa dola milioni 315. Mwezi huohuo Google ikabadilisha mitambo yake, mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, ili kuzishusha kurasa zisizo na kitu ndani. Yaligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani, na Demand Media ni mmoja wa walioumia.

Sasa turudi kwetu.

Shangazi yangu anaishi Leicester na hajawahi kuandika chochote kwenye Google. Akitaka wimbo, ananirekodia sauti WhatsApp: "Mwanangu, hebu nitafutie ile taarab iliyopigwa harusini kwa dada yako, ile ya mwanzo kabisa." Halafu anaimba kipande, na sauti anayo kweli. Mimi naenda YouTube, na kwa kuwa nimesoma shule za hapa, naandika kwa Kiingereza. Nikiupata, namtumia. Anausambaza kwenye kundi la kina mama, na wao wanausambaza kwa wenzao mpaka Muscat.

Mashine imehesabu nini hapo? Mtu mmoja, kwa Kiingereza. Shangazi hayumo, kina mama wa kundi hawamo, Kiswahili hakimo. Ndiyo maana ya "data haitoshi" ya mwenzangu. Kifaa hakikusema uongo. Kinahesabu maswali yaliyoandikwa, na kwetu maswali mengi yanasemwa kwa mdomo.

Hapo ndipo ninapoogopa. Mwandishi anaona hakuna anayetafuta kwa Kiswahili, haandiki. Wewe unatafuta kwa Kiswahili, hukuti kitu, kesho unatafuta kwa Kiingereza. Idadi inazidi kushuka, na mwandishi anapata ushahidi mwingine wa kutoandika. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Inatokea tu, kila mtu akifuata namba zake.

Kipindi tulikifanya. Lakini sikumdharau mwenzangu, kwa sababu ujuzi wake ulitusaidia. Kwenye maelezo ya kipindi tumeandika "taarab" na "taarabu", tukataja Zanzibar na Mombasa, tukataja harusi. Kama Britney alitafutwa kwa mamia ya makosa na akapatikana, basi na wewe uliyejifunzia Kiswahili jikoni, usiye na uhakika ni "nyimbo" au "wimbo", unastahili kutupata.

Kwa hiyo tafadhali, usione haya. Wiki hii ukitaka muziki, filamu au umbea wa wasanii, andika kama unavyomwuliza mama. Ukikosea herufi, si kitu. Halafu tuambie umepata nini, na hasa umekosa nini. Ulichokosa, huenda tukakifanyia kipindi.

Shangazi ameshasikiliza, kwa njia. Anasema wimbo wa mwanzo tumeuchagua vibaya.